Tofali Hili Linapitisha Joto Kiasi Gani? Mwongozo wa Kupima kwa Mikono Yako

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi uulizie ubao wa dari unaopunguza joto. Muuzaji atakuletea, ataugonga kwa vifundo vya vidole, kisha atakwambia, "Hii inazuia joto, bosi. Nyumba inakuwa baridi kabisa." Muulize unazuia kiasi gani. Ataugonga tena.

Kiasi hicho kina namba, na unaweza kuipata mwenyewe kwa betri ya gari, sahani mbili za alumini, vihisi joto vinne na siku kadhaa za subira. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa chuo cha ufundi na fundi anayetaka kujua anajengea nini. Kupata namba yoyote ni rahisi. Ugumu ni kupata namba ya kweli, kwa sababu joto hutafuta mwanya wa kutorokea kama maji, na maji yenyewe hujificha ndani ya tofali yakaharibu hesabu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuziba mianya, kukausha na kusubiri.

Unachokipima

Kila siku tunatumia neno "joto" kwa vitu viwili, na hapa lazima tuvitenge. Joto ni nishati inayosafiri, na kasi yake tunaipima kwa wati. Halijoto ni kile anachokisoma mwenye kipimajoto, yaani nyuzi. Upitishaji joto wa kitu ni idadi ya wati zinazopita katika kipande chake chenye eneo la mita 1 ya mraba na unene wa mita 1, pale upande mmoja unapouzidi mwingine kwa nyuzi 1. Huandikwa W/mK, yaani wati kwa mita kwa kelvini.

Kanuni yake aliiweka wazi Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu cha mwaka 1822: tofauti ya halijoto ikiongezeka, joto linalopita huongezeka kwa kadiri ileile, unene ukiongezeka, hupungua. Kila kifaa cha kupimia, kiwe cha maabara au cha uani kwako, kimesimama juu ya kanuni hiyo.

Kabla ya kupima, jua unatarajia nini. Shaba hupitisha karibu 400 na chuma cha kawaida karibu 50. Zege zito lipo kati ya 1.4 na 2, tofali la kuchoma kati ya 0.6 na 0.8, mbao laini karibu 0.13. Stairofomu, ile foma nyeupe inayokuja na televisheni mpya, ni kama 0.035. Hewa iliyotulia ni 0.026. Tazama foma ilivyo karibu na hewa: vizuizi vizuri vya joto, kuanzia sufi hadi makuti, kazi yao kubwa ni kuifungia hewa isitembee. Maji ni 0.6, zaidi ya mara 20 ya hewa. Namba hiyo ya maji iweke akilini, tutairudia.

Tengeneza kifaa

Maabara kubwa hutumia sahani ya moto yenye mkanda wa kinga kuizunguka, na utaratibu wake umeandikwa katika kiwango cha kimataifa ISO 8302. Tutaazima wazo lake la msingi: weka hita katikati ya sampuli mbili zinazofanana. Umeme wote unaoingia kwenye hita hauna pa kwenda ila kupita kwenye sampuli, nusu juu na nusu chini. Waliosoma fizikia kidato cha tano na sita wanaikumbuka diski ya Lees, ambako unalazimika kukokotoa joto kutokana na kasi ya kupoa kwa diski. Hapa unasoma volti na ampea tu.

Hita: chukua sahani mbili za alumini za sentimita 20 kwa 20, unene wa milimita 3. Katikati yake laza waya wa hita kwa kuukunja kwenda na kurudi, ufunike eneo lote kwa usawa, ukitenganishwa na alumini kwa karatasi za maika pande zote mbili. Unahitaji waya wa omu 6. Koili ya jiko la umeme la wati 1,000 kwa volti 230 ina omu kama 53, hivyo sehemu moja ya tisa ya urefu wake inatosha. Ukiiunganisha na volti 12 utapata ampea 2, yaani wati 24. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa betri.

Kwa nini betri na si umeme wa ukutani? Kwa sababu nguvu ya hita hufuata mraba wa volti. Volti za ukutani zikishuka kwa asilimia 10, jambo la kawaida jioni mitaa mingi, hita inapoteza asilimia 19 ya nguvu yake na kipimo kinaharibika bila wewe kujua. Betri ya gari inashuka taratibu, na unaiona ikishuka.

Upande wa baridi: mwombe fundi bati akutengenezee makopo mawili bapa ya sentimita 20 kwa 20, kimo cha sentimita 3, kila moja na vibomba viwili vya mpira, cha kuingiza maji na cha kutoa. Uso unaogusa sampuli uwe umenyooka. Maji yatoke kwenye chombo kilichoinuliwa, yapite kwenye makopo yote mawili, kisha yarudishwe. Tumia pipa la lita 100. Wati 24 kwa saa tatu na nusu zitalipandisha chini ya nyuzi 1. Ndoo ya lita 20 ingepanda zaidi ya nyuzi 3, na upande wa baridi ungekuwa unakukimbia wakati unapima.

Koti: zungushia mkusanyiko wote foma yenye unene wa sentimita 10. Ukikosa foma, sanduku la plaiwudi lililoshindiliwa sufi au pumba kavu za mpunga litafaa, ila liwe pana zaidi.

Andaa sampuli

Kata sampuli mbili kutoka kwenye kundi moja la matofali, kila moja sentimita 20 kwa 20, unene wa sentimita 4. Tofali la bloku linatoa kipande cha kutosha. Tofali la kuchoma ni dogo, kwa hiyo panga vipande viwili ubavu kwa ubavu. Kiungo kinachoelekea upande uleule linakokwenda joto hakisumbui sana. Sugua nyuso juu ya kioo kilichowekwa msasa hadi zinyooke.

Usawa huo si urembo. Pengo la hewa la milimita 1 kati ya tofali na sahani linazuia joto sawa na zaidi ya sentimita 2 za tofali la kuchoma. Mapengo mawili ya namna hiyo, na sampuli yako ya sentimita 4 imekuwa kama mara mbili ya unene wake bila kalipa yako kuona chochote.

Sasa unyevu. Sampuli yangu ya kwanza niliitoa kwenye rundo baada ya mvua za masika, nikaianika juani siku mbili. Ilipauka, ikalia vizuri ikigongwa, nikaamini imekauka. Oveni na mizani vikanisuta: ilipoteza gramu 100 nyingine. Kwa kipande cha sentimita za ujazo 1,600, hayo ni maji ya asilimia 6 ya ujazo, yamekaa kwenye vitundu vilivyopaswa kuwa na hewa. Asilimia chache kama hizo zinatosha kupandisha upitishaji joto kwa robo, au hata nusu kwa matofali ya udongo.

Kausha kwa nyuzi 105, ukipima uzito kila baada ya siku moja, hadi vipimo viwili vinavyofuatana vitofautiane kwa chini ya sehemu moja ya elfu. Kwa kipande cha kilo 3 hiyo ni gramu 3. Jipsamu ikaushe kwa nyuzi 40 tu, kwa sababu joto kali huiondolea maji yaliyo sehemu ya umbile lake na utakuwa unapima kitu kingine. Foma nayo usiipeleke kwenye nyuzi 105, italegea na kusinyaa. Ikishakauka, sampuli ipoe ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, hasa kama uko Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina maji ya kutosha kulilowesha tofali upya.

Mwisho pima unene kwa kalipa mahali pasipopungua panane, uandike wastani. Pima na uzito: uzito gawanya kwa ujazo ni densiti, na utaihitaji.

Vihisi joto

Tumia themokapo nne za aina ya K zenye waya mwembamba, moja kwa kila uso wa kila sampuli. Chimba mfereji mdogo kwenye uso wa sampuli hadi katikati, laza ncha ya themokapo humo, izibe kwa grisi nyeupe wanayotumia mafundi kompyuta. Ukiweka kihisi ndani ya uso wa sampuli, badala ya kwenye sahani, unayaacha nje mapengo ya hewa niliyoyasema. Kwa kuwa ncha imezama kidogo, unene wa kuingiza kwenye hesabu ni umbali kati ya ncha na ncha.

Zisome zote nne kwa kisomeo kimoja, ukizibadilisha moja baada ya nyingine, ili makosa ya kisomeo yafutane unapotoa. Hakikisha kinaonyesha sehemu ya kumi ya nyuzi. Multimita nyingi za mafundi husoma nyuzi nzima tu, na hiyo haitoshi.

Zihakiki kabla ya kazi. Jaza chupa ya chai barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha zote nne zikiwa zimefungwa pamoja: zote zinapaswa kusoma 0. Kisha rudia kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi kama 40. Hapo zinapaswa kulingana zenyewe kwa zenyewe. Andika tofauti ya kila moja na uirekebishe baadaye. Usihakiki kwa maji yanayochemka ukidhani ni 100. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 kwa sababu ya mwinuko. Barafu haijali uko Nairobi au Kilwa.

Siku ya kupima

Panga kutoka chini kwenda juu: kopo la maji, sampuli, hita, sampuli, kopo la maji. Weka matofali mawili juu ili kubana. Funga koti. Fungulia maji kwanza, kisha umeme.

Baada ya hapo ni daftari na saa. Kila nusu saa andika volti, ampea na vihisi vyote vinne. Hivi ndivyo uso wa moto wa sampuli ya juu unavyoweza kwenda kwa tofali la bloku:

Saa 3:00 asubuhi: nyuzi 29.8
Saa 3:30: 38.9
Saa 4:00: 42.4
Saa 4:30: 43.8
Saa 5:00: 44.3
Saa 5:30: 44.5
Saa 6:00: 44.6
Saa 6:30: 44.6

Saa 4:00 namba zinaonekana zimekaribia, na hapo ndipo wengi huandika na kwenda kunywa chai. Lakini wakati huo sehemu ya wati zako bado inapasha moto sahani na tofali lenyewe, haijavuka kwenda upande wa pili. Wewe unahesabu kana kwamba imevuka. Kwa mfano huu, tofauti ya halijoto saa 4:00 ni kama nyuzi 10.9, na jibu lingetoka 1.11. Saa 6:30 tofauti imefika 12.5, na jibu ni 0.97. Tofali ni lilelile. Kilichobadilika ni subira ya mpimaji.

Kanuni ya kufuata: hesabu pale vihisi vyote vinapokuwa havijabadilika kwa zaidi ya nyuzi 0.1 katika nusu saa, mara mbili mfululizo.

Hesabu

Chukua nguvu ya umeme, gawa kwa mbili, zidisha kwa unene, kisha gawa kwa eneo na kwa tofauti ya halijoto:

k = (P ÷ 2) × L ÷ (A × D)

Kwa mfano wetu, volti 12.1 mara ampea 1.98 ni wati 23.96, kila upande unapata 11.98. Pima volti kwenye vituo vya hita, si kwenye betri, kwa kuwa nyaya nazo hula kidogo. Unene ni mita 0.0405, eneo mita za mraba 0.04. Sampuli ya juu ina tofauti ya nyuzi 12.3, ya chini 12.7, wastani 12.5. Jibu: 0.97 W/mK.

Usiandike 0.9704. Vihisi vinaweza kukosea nyuzi 0.4 kwenye 12.5, yaani asilimia 3. Unene, umeme na joto linalovuja pembeni vinaongeza asilimia moja hadi moja na nusu kila kimoja. Kwa ujumla ni kama asilimia 4, kwa hiyo andika 0.97, kuongeza au kupunguza 0.04. Na kama pande mbili zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, usizichanganye kuwa wastani. Fungua kifaa, utakuta pengo au ncha iliyohama.

Sasa, unajuaje kwamba kifaa chenyewe ni kizuri? Kabla ya tofali lolote, pima kitu ambacho namba yake inajulikana. Nenda kwa watengeneza mabango, nunua vipande viwili vya perspeksi vya sentimita 20 kwa 20, unene wa milimita 10. Upitishaji joto wake ni karibu 0.19. Kwa wati zilezile 24, tofauti ya halijoto inapaswa kutua karibu nyuzi 15.8. Ukipata 15 au 16.5, endelea na kazi. Ukipata 12, joto linatoroka mahali fulani. Tafuta mwanya kwanza.

Kifaa hiki kinaposhindwa

Kwa vizuizi vyepesi kama foma, kuwa mwangalifu. Joto linalovuja kupitia koti ni kama robo ya wati. Kwenye tofali linalopitisha wati 24, hiyo ni asilimia 1. Foma inahitaji wati 2 tu kufikisha tofauti ya nyuzi 28, na uvujaji wa pembeni unakuwa theluthi moja ya wati, yaani asilimia 16 au 17 ya yote. Unaweza kuupunguza kwa kuweka maji ya barafu kwenye pipa, ili uso wa baridi uwe chini ya halijoto ya chumba kwa kiasi kilekile ambacho uso wa moto umeizidi. Zaidi ya hapo unahitaji ule mkanda wa kinga wa maabara.

Tofali lenye matundu usilikate. Ndani ya tundu joto husafiri pia kwa hewa inayozunguka na kwa mnururisho, na kipande ulichokata hakina tundu hilo tena. Jenga kipande cha ukuta, kipimwe kizima.

Kitu chenye unyevu, kama ukuta wa udongo unaotaka kuujua ulivyo leo, nacho hakifai hapa, kwa sababu ndani ya saa tatu maji yatahama kutoka upande wa moto kwenda wa baridi. Tumia sindano: bomba jembamba lenye waya wa hita na themokapo ndani yake, lililochomekwa kwenye tundu linalobana. Washa umeme na usome halijoto kwenye sekunde ya 60 na ya 600. Zidisha wati kwa kila mita ya sindano kwa 0.183, gawa kwa nyuzi zilizopanda kati ya nyakati hizo mbili. Wati 5 kwa mita na kupanda kwa nyuzi 1.15 kunatoa 0.80. Dakika 10 zimetosha, maji hayajapata muda wa kuhama.

Namba inafanya kazi gani

Gawa unene kwa upitishaji joto, upate ukinzani. Ukuta wa bloku wa sentimita 15 wenye 0.97 una ukinzani wa 0.155. Foma ya sentimita 4 ina 1.14. Ili ukuta wa bloku ufikie ukinzani wa foma hiyo, ungejengwa kwa unene wa mita 1.1.

Bati usihangaike kulipima. Lina unene wa sehemu ya milimita, na chuma hupitisha joto vizuri mno. Ukinzani wake ni kama haupo. Chumba kinachochemka saa nane mchana kinachomwa na bati lililopigwa jua na kuangaza joto kuelekea chini, na kinachoweza kulizuia ni rangi ya bati, nafasi yenye hewa inayotembea, na dari. Pima dari.

Kila unapoandika namba, andika na wenzake: densiti, unene, kama sampuli ilikaushwa au ina maji kiasi gani, na wastani wa halijoto wakati wa kupima. Namba isiyo na hayo haimsaidii mtu, hata kama imechapwa kwa rangi kwenye boksi.

Vile vipande vya perspeksi vifunge kwa kitambaa uvihifadhi. Utavirudia kila baada ya miezi michache kuhakikisha kifaa hakijaharibika. Na siku ukirudi dukani, muuzaji akiugonga ubao, omba vipande viwili vya sentimita 20 kwa 20.